Wanalala Wangapi

Fundi Chande alikuja na futi kamba mfukoni,
kalamu sikioni, viatu akaviacha mlangoni.
Akapima ukuta, akapima dirisha,
akagonga jipsamu kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayeijaribu nazi.
Kisha akauliza: "Humu wanalala wangapi?"

Nikamtazama. Kiyoyozi na wanaolala, wapi na wapi?
"Mwili nao ni jiko, mama. Kila mtu hapo kitandani
ni sawa na balbu ya wati mia isiyozimwa.
Nikijua idadi, ndipo nitajua ukubwa wa mashine."

"Wawili," nikasema.
Halafu, kwa kuwa alikuwa anaandika: "Mmoja na nusu."
Ngailo yuko Tunduma na malori ya watu,
huja mwisho wa mwezi, siku nne, tano akibahatika,
balbu yangu ya mgawo.

Chande hakucheka. Akaandika: elfu tisa.
"Ya kumi na mbili ningekuuzia, ila ningekuibia."

Hii ni Februari, Tabata Kimanga.
Bati linatatarika tangu saa nne asubuhi,
shuka ukiligeuza lina joto upande wa pili pia,
maji ya bomba yanatoka tayari kwa chai.
Nimeizunguka Kariakoo nzima na laki tisa kwenye sidiria,
nikaambiwa inveta hailambi luku,
nikaambiwa inveta na huu umeme wa kukatika-katika
ubao wake ukiungua, bei ni nusu ya mashine.
Muuzaji mmoja, kijana wa manukato makali,
akaniwashia moja niionje.
Nilisimama pale kama mbuzi aliyepata kivuli
mpaka akaniuliza kama nanunua.

Kwa kina Ngailo, Makete, mambo ni kinyume:
Juni sakitu inaunguza viazi,
watu hulala na jiko la mkaa ndani,
mlango wameuacha wazi upana wa kiganja
wasije wakalala moja kwa moja.
Anasema joto la Dar ni fidia yake.
Anajifunika blanketi hapa. Blanketi!
Nami naogelea pembeni yake.

"Na ile ya nje tunaiweka wapi?" nikauliza.
Chande akaonyesha ukuta wa nyuma.
Nyuma ni dirisha la Sikudhani, mpangaji,
na mwanawe wa wiki sita, vipele vya joto shingoni.
"Itapuliza kule?"
"Joto halifi, mama. Linahamishwa tu."

Nilikaa na neno hilo siku mbili.
Linahamishwa. Kama mwalimu wa serikali.

Siku ya tatu nilimwita Chande, si kwa mashine.
Juu ya dirisha, Ngailo alikuwa ameziba matofali ya matundu
kwa saruji, mwaka ule wa vumbi la barabara.
Chande akayazibua moja moja, akatandaza wavu wa mbu.
Ukuta wa pili vilevile,
maana upepo hauingii pasipo na pa kutokea.
Akafunga pangaboi kubwa,
na dogo, chumbani kwa Sikudhani.
Kodi sikupandisha, ingawa nilifikiria.

Siwaongopei: si baridi.
Saa nane za usiku bado nageuza mto.
Kuna usiku nimelikumbuka lile duka, na yule mbuzi.

Ngailo akapiga simu kutoka Tunduma:
"Umenunua ipi hatimaye?"
"Nimenunua matundu."
Kimya. Nikasikia lori likipumua nyuma yake.
"Matundu shilingi ngapi?"

Jana umeme ulikatika.
Pangaboi likapunguza, likapunguza,
mpaka mapanga nikayahesabu: matatu.
Nikangoja jasho.
Kitu chembamba kikaingia kwenye matundu,
kina harufu ya mihogo inayokaangwa mbali,
kikapita juu ya ule upande wa kitanda usio na mtu,
kikatoka.