Milimita Nane

Pesa zako zilifika, Badi, Ijumaa kabla ya adhuhuri,
na ujumbe chini: Baba apimwe kila kitu.
Kila kitu, mwanangu, ni neno kubwa.
Babako alikuwa barazani, hapa Kibokoni,
amenya chungwa, ganda moja refu lisilokatika,
kwa mkono ule uliojaza madaftari ya bandari
miaka thelathini na mmoja.
"Waumwa?" nikamuuliza.
"Na njaa," akanijibu.

Tukaenda. Nyali, ghorofa ya tatu,
baridi ya kiyoyozi kama tumewekwa akiba.
Kijana wa tai akatupangia vifurushi mezani,
Shaba, Fedha, Dhahabu, ungedhani tu kwa sonara.
Nikachagua Dhahabu. Niliona haya
kumpimia mume wangu kwa Shaba.

Wakatoa damu, chupa tisa, nilihesabu.
Wakammulika kifua. Wakampaka mafuta tumboni,
wakapitisha kidude chao polepole
kama dobi apigaye pasi kanzu ya mtu asiyemjua.
Na kwenye figo ya kushoto
wakaona kivuli.
Milimita nane.

Ni punje ya mbaazi iliyorowekwa.
Nimeipima kwa rula ya Swabra, jikoni, saa nane za usiku.

Wahenga wasema mtafuta hachoki,
akichoka keshapata.
Mashine haichoki, Badi,
ndiyo maana hupata hata kisichopotea.
Na nani asiye na kivuli?
Hata saa sita, jua likikusimamia utosini,
hakiendi popote,
hujikunja tu chini ya nyayo zako.

Rajabu, picha nyingine, ya dawa ya mshipani.
Shaabani, sindano ndefu ya mgongoni.
Sindano ikaleta damu, damu ikaleta homa,
homa ikaleta kitanda, siku kumi na moja,
na Ramadhani ikamkuta amelala.
Mtu aliyefunga tangu ana miaka tisa
nikamlisha uji mchana,
kwa kijiko,
uso ameugeuzia ukutani.

Kisha wakasema: hakuna kitu.
Kifuko cha maji. Wazee wengi wanacho,
huzikwa nacho na wala hawajuani.
Nyumba nzima ikasema alhamdulillahi.
Nami nikasema.
Ila usingizi haukurudi na shukrani.

Karatasi yao ilitaka arudi kila miezi sita.
Nikaichukua hadi Tudor, kwa Daktari Mghoi,
chumba cha feni inayolia na kiti kimoja kibovu.
Hakuishika kwanza. Alimtazama babako, akauliza
swali ambalo Dhahabu yote haikuwa nalo:
"Mzee, unasumbuliwa na nini?"
Akafikiri. "Magoti," akasema.
"Na mtoto aliye Maskati."

Hapo ndipo akaisoma, kalamu mkononi.
Hiki cha nini? Akapiga mstari. Na hiki?
Mstari. Mstari.
Akabakisha presha tu, akaizungushia duara:
"Hii msiikose hata mwezi mmoja."
Nikadhani tumemaliza.
"Na wewe, mama, mlango wa kizazi
ulipimwa lini?"

Nina miaka hamsini na minane.
Nilitazama feni.
Nyuma ya pazia la kijani haikuchukua dakika kumi,
na majibu nitayapata Jumanne.
Usiulize. Nitakwambia mwenyewe.

Zile picha nyeusi nilizificha chini ya godoro.
Juzi Swabra akavuta moja, akaibandika dirishani
kuzuia jua la asubuhi.
Sasa mwanga hupitia mbavuni mwa babako
ndipo ukaanguka mkekani, anapokaa yeye
na kisu chake na chungwa lake.
Ganda hukatika siku hizi, mara mbili, mara tatu.
Yeye hasemi, na mimi nimeacha kuhesabu.

Ukipata pesa tena, usitume.
Kata tikiti.