Sweta ya Bomba

Sindano zetu ni spoki za baiskeli ya marehemu,
tulizozinoa jiweni hadi zikaacha kukwaruza.
Uzi tuliufumua kwenye mitumba ya soko la Wanseko:
sweta moja ya kijani, yenye kulungu kifuani,
moja ya timu ya mpira ya watu tusiowajua,
na ile nyekundu ya Kalyegira,
aliyomfumia mwanawe, naye akaiacha msumarini
siku alipoajiriwa kuchomelea mabomba.

Tuko tisa. Tulikuwa kumi na mmoja.
Tunaketi langoni pa kampuni tangu umande,
miguu tumeinyoosha mbele kama watu wa matanga,
maana ni matanga,
ila maiti bado anapumua.

Usiku hauji tena Buliisa.
Mwali wa gesi unawaka juu ya mlingoti wa chuma,
jogoo wa jirani anawika saa nne, saa saba, saa aitakayo,
muziri wa Mwitanzige wanaogopa wavu wanaouona,
nami Kabahweza, wa miaka sabini na mitatu,
nimetunga uzi kwenye tundu la sindano saa nane za usiku
bila taa.
Nimshukuru nani?

Siku ya tatu akaja kamanda. Kijana, buti mpya.
"Mama zangu, mnafanya nini hapa?"
"Tunafuma."
"Mnamfuma nani?"

Nyamahunge akacheka hadi hesabu ya vitanzi ikampotea.
Mwanangu, Kiswahili chako umekipata kambini,
huko kufuma ni mshale, na mbele yake kuna mnyama.
Changu nilikipata kwa Wakongo wa ng'ambo ya ziwa,
nikipima samaki, nikipunjwa, nikipunja.
Kwetu sokoni kufuma ni uzi na subira.
Ingawa, ukitazama vizuri,
ncha ni ileile.

"Tumesikia bomba litalazwa ardhini," nikamwambia.
"Ardhini kuna baridi. Tunajua, tumelaza watu huko.
Basi tunalifumia sweta."

Nikamkunjulia, aone.
Hapa kwenye kijani ni mihogo yangu,
waliyoihesabu shina kwa shina,
na bei ya shina haikununua kibiriti.
Hapa pana tundu, usidhani nimekosea:
ni kisima.
Hapa kwenye wekundu ni mume wangu.
Karani aliandika, *kaburi, si la saruji*,
akakata nusu ya fidia,
kana kwamba saruji ndiyo iliyokuwa ikinipikia chai ya tangawizi
nilipougua.

Kijana akanyamaza.
Nikamwuliza jina lake la upole,
lile ambalo Mnyoro hasalimiwi bila hilo.
Akatazama nyuma, akatazama buti.
"Araali," akanong'ona.
"Haya, Araali, nishikie hapa nivute mstari."
Akashika.
Naapa, alishika kwa vidole viwili,
kama mtu aliyewahi kushikishwa uzi na bibi yake.

Kisha redio ikakoroma begani mwake.

Wakatuchukulia sweta kuwa kidhibiti.
Kwenye kitabu chao wakaandika:
*Kitambaa kimoja. Kirefu. Hakijaisha.*
Wakalitupa lile furushi nyuma ya gari
na sindano zangu mbili zikiwa bado zimechomekwa,
gari likaondoka na vumbi lake.

Ila hakuna aliyekata uzi.

Donge likarukaruka mapajani mwangu kama kifaranga,
likazunguka, likazunguka,
uzi ukapita chini ya lango, ukapita zahanati,
ukalala juu ya lami waliyotujengea ili wapite wao,
na wale watoto wanaotoka shule
wakawa wanauruka mmoja mmoja, bila kuukanyaga,
bila kuambiwa.

"Tuukate?" Nyamahunge anauliza. Mkasi anao.

Sijamjibu.
Donge limebaki kama yai, sasa kama kungu,
na mkono wangu wa kushoto, wenyewe tu,
umeanza kupapasa pindo la sweta niliyovaa
ukitafuta ncha.