Koti la Nangomwa

Nimefungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi ya cherehani.
Ndani, vumbi la salfa, manjano:
msimu wa kupulizia mikorosho haubishi hodi
kwenye steshenari ya mtu.
Nimepiga chafya tatu.

Diski ya marehemu Nangomwa nzito, kama kipande cha sabuni ya mche.
Mjane wake kaileta imefungwa kwenye kanga:
"Somoe, usiniharibie."

Nafasi ipo, chini ya diski yangu.
Skrubu ninazo mbili tu; kwingine nimekaza kwa karatasi ya kukunja.
Waya mwekundu umeingia.
Waya wa umeme hakuna wa ziada,
basi nimeupokonya mlango wa CD.
Nani Tandahimba hii bado ana CD?

Nikawasha. Ikavuma. Ikagonga: ko, ko.
Skrini ikaniuliza kwa adabu ya karani wa benki:
diski haisomeki, niiandae upya?

Kuiandaa upya, maana yake kuifuta.
Na kidole kilishafika,
mimi ambaye kutwa nzima nabofya ndiyo bila kusoma.

Hapana.

Nikazima. Nikatafuta waya mwingine, wa bluu,
nikaubana hadi ukalia ta.

Herufi mpya: E.
Nyuso elfu kumi na moja, pazia moja nyuma yao,
walimu, wapagazi wa ghala, mabinti wa kidato cha nne,
na wote, jamani, wote
wamevaa koti lilelile la studio.
Wengine limewabana. Wengine limewameza.

Nimejitafuta. Nipo.
Kifungo cha pili kilikuwa bado hakijakatika.