Tabaka la Tatu, Utawala

Udongo mweusi tuliuzoa wote,
ule unaovimba masika, unaopasuka kiangazi
kama kisigino kisichojua mafuta.
Sasa tunamwaga murramu, shubiri moja tu,
maji kiasi, kisha mashine: du-du-du-du,
mpaka usiku kijiko kinanitetemeka mkononi.

Kemunto akachimba kishimo,
akamimina mchanga wake mkavu, akapima.
Tisini na moja.
"Fukueni."

Fomeni Musyimi akatazama mawingu ya Ngong,
akatazama saa.
Lori lingine languruma langoni, limejaa.
"Si kasoro ndogo tu, mama?"
"Fukueni."

Tukafukua. Nilimtukana kimoyomoyo, nakiri.

Siku moja mtu wa orofa ya tano
ataweka kikombe ukingoni mwa meza,
ageuke kumjibu mtoto,
na chai haitacheza.