Kambale Alileta Kambale

Tangi nililiunganisha kwa mabaki ya kazi:
kioo cha dirisha la Himbi, kioo cha duka la dawa,
na kile kirefu ambacho kanisa la Ndosho halikunilipa.
Silikoni kwenye pembe, siku tatu za kungoja,
halafu maji ya ziwa, madumu matano juu ya chukudu.

Mawe sikununua. Goma nani ananunua mawe?
Nilichimbua nyuma ya choo, lava nyeusi yenye vitundu,
nikaichemsha mara mbili katika sufuria
ambayo Kavira hajanisamehe hadi leo.

Likabaki swali la nani akae na nani.

Kwa Kiswahili chetu cha huku, watu wakipatana
tunasema wanasikilizana.
Samaki hana sikio la kushikwa na mwalimu,
lakini kaa mbele ya kioo jioni nzima, simu umeizima,
utaona nani anamsikia nani
na nani amejifanya kiziwi.

Gupi kumi walitoka Kigali ndani ya mfuko wa nailoni.
Mpakani afisa akauliza kama wamechanjwa.
Hao hawana neno na mtu. Ila mkia ule ni bendera,
na wapo wanaoiona bendera wakaona chakula.

Furu dume wa ziwa letu, bluu kama moto wa gesi,
alichagua jiwe moja: hapa kwangu.
Nikahamisha jiwe. Akahama nalo.
Nikamletea majike watatu, hasira ikagawanyika,
kila mmoja akapata kipande anachoweza kubeba.

Samaki wa dhahabu nilimrudishia daktari wa meno.
Anakula, anachafua, anakula.

Haya yote niliyaandika katika daftari la madeni,
na juu kabisa, kwa wino mwekundu:
USIWEKE MDOMO UNAOWEZA KUMMEZA JIRANI.

Jumapili akaja Kambale, tuliyesoma naye Butembo,
mtoto wa pili kwao, kama jina linavyosema,
mkononi chupa ya plastiki iliyokatwa shingo.
Ndani, kambale. Urefu wa kidole cha shahada.
"Nimekuletea wajina wangu!"
Akacheka mpaka mtoto akaamka.

Nikautazama mdomo ule, sharubu nane. Ulikuwa mdogo.
Nikautazama uso wa rafiki yangu.
Kuna kukataa samaki, na kuna kukataa mtu.
Daftari nikalifunga.

Wiki tano walisikilizana, sidanganyi.
Mchana alilala chini ya jiwe lake
na gupi wakipita juu ya sharubu kama juu ya nyasi.
Halafu umeme ukakatika, usiku mbili mfululizo.
Nikahesabu kwa tochi: gupi tisa.
Nikasema nimehesabu vibaya.
Saba. Nikasema wamejificha.
Watatu,
na yeye katikati, tumbo mviringo,
ananitazama bila kosa lolote.
Hakuwa mwovu. Alikuwa anakua,
nami nilikuwa nimempima siku moja tu.

Nikapiga simu: njoo umchukue wajina wako.
"Amenenepa? Basi mpikeni."
Kavira akakataa. Mtu uliyemwita jina
humwekei nyanya.
Sasa anakaa uani katika pipa la bluu, chini ya mfereji wa bati,
na Kavira akienda kuchota maji ya kufulia
humwamkia: Bwana Kambale, umelalaje?

Jana usiku ardhi ilitikisika kidogo,
zile zetu za kawaida, vikombe vikagongana kabatini.
Maji ya tangi yalijua kabla yangu.
Furu jike mmoja, ambaye wiki nzima hakugusa chakula
na mashavu yake yalikuwa yamejaa,
asubuhi ile alikuwa amewatema wanawe mchangani,
vijidudu vyenye macho.
Kioo kilipotetemeka akafungua mdomo
wakarudi ndani wote, mbio, kama walioitwa.

Dume alisimama kando ya jiwe lake. Hakumfukuza mtu.
Uani, pipa lilipiga kishindo kimoja.

Nikawasha tochi nihesabu.
Gupi watatu. Majike watatu. Dume.
Watoto sikuwaweza:
mdomo ulikuwa umefungwa.