Mbung'o

Nimefungua begi sebuleni, Mabela,
kiyoyozi kikinguruma juu ya pazia,
na vumbi la Ruaha likashuka juu ya zulia
kabla sijamaliza salamu.
Viatu vimebaki barazani.
Mashine ya kufulia imetapika maji ya rangi ya matofali
mara mbili, na bado.

Watoto wa kaka wameing'ang'ania simu yangu.
"Simba yuko wapi, shangazi?"
Huyo hapo, kalala.
"Na hapa?" Kalala.
"Na hapa?" Mkia wake ule, nyuma ya majani.
Azzan akanirudishia simu kwa adabu,
kama mtu anayerudisha sahani ya chakula asichokipenda.

Sikumwambia habari za tembo wa Mwagusi,
mto mchanga mtupu, kama wadi yetu ya Al Khoudh
mwezi wa nane;
yule jike aliyesimama nusu saa akichimba,
mguu, mkonga, mguu, mkonga,
hata shimo likaanza kulowa,
na asinywe. Maji ya kwanza, machafu, aliyamwaga pembeni
kama mwanamke anayesuuza kikombe cha mgeni.
Nyamhanga, dereva wetu, alizima injini.
Mjerumani wa kiti cha nyuma akashusha kamera.
Hakuna aliyekohoa.
Utamsimuliaje haya mtoto
aliyezoea kubonyeza mbele?

Mama hakutaka picha. Macho yake yana ukungu,
upasuaji umepangwa baada ya Idi.
Aliuliza moja tu: "Kanga uliwasikia?"
Nikaitazama leso aliyojifunga.
"Kanga ndege, we! Wa alfajiri.
Sikonge walikuwa wakitukanana kabla ya adhana."
Nikasema niliwasikia.
Uongo. Alfajiri nilikuwa nimelala,
chandarua mpaka kichwani.

Kisha akanivuta mkono anibusu
na kidole chake kikagota
juu kidogo ya kiwiko, penye donge
linaloniwasha tangu Jumanne.
Akatulia.
Akalizunguka mara moja, mara ya pili,
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
"Mbung'o," akasema.
Hakuuliza.

Basi ikafunguka Sikonge yote:
duka la babu, nta kwenye magunia,
mizani iliyodanganya upande mmoja tu,
ngozi zilizowambwa uani, na fisi
aliyekuja kuzilamba usiku,
na yeye, mtoto wa miaka sita, nyuma ya dirisha,
akisikiliza ulimi unavyokwangua
mpaka usingizi umchukue.
Na kijana wa dukani, Kasanda,
aliyesinzia juu ya mizani mwezi mzima,
nao wakamwita mvivu,
wakamfungia kengele ya mbuzi shingoni.
"Malale," mama akasema. "Kumbe malale.
Na sisi tulimcheka."
Miaka yote hii katika nchi ya mawe
sijapata kulisikia jina hilo kinywani mwake.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kahawa na tende,
huniita: "Lete mkono."
Nakunja mkono wa gauni.
Si kila siku anasema kitu. Siku nyingine
anapima joto lake tu, anasema "haya,"
ananiachia niende kazini.
Na kwenye foleni, milima imefifia kwa joto,
najikuta natazama kama Nyamhanga alivyonifunza:
usimtafute mnyama,
tafuta kisichotikisika majani yakitikisika.
Naona mbuzi.
Naona mfuko wa plastiki.

Leo siku ya kumi na mbili. Ngozi imelala,
zulia limepigwa mashine, Azzan kavaa viatu vyangu
vilivyotakata kwenda dukani kununua mkate.
Kidole cha mama kilipanda, kikashuka, kikarudi.
"Ulikuwa huu," akasema, "au ule mwingine?"

Nikamwambia angoje, nanawa uso.
Nimesimama bafuni, bomba linamwagika bure,
najikuna pale pale kwa kucha
mpaka panyanyuke.