Kijivu Hakina Mlio

Nyeupe ni pe, nyeusi ni ti,
kijivu hakina mlio.
Ndicho tulichosomeshwa.

Mwalimu Khasandi alikuwa na kitabu kimoja,
fotokopi ya fotokopi, picha za Ulaya
zilizochoka njiani kabla ya kufika Bondeni:
malaika wa majivu, matunda ya majivu,
Bikira Maria kama nguo iliyoanikwa penye moshi.
"Hapa," akasema, kidole juu ya shela,
"pana buluu ya jiwe lililosagwa,
jiwe lililovuka milima mgongoni mwa punda,
ghali kushinda dhahabu.
Tajiri aliandika kwenye mkataba
wakia ngapi, na ipakwe wapi.
Mapenzi yalipimwa kwa mizani."
Akatoa mfukoni kipakiti cha nili ya kufulia,
akalowesha kidole kwa mate,
akamgusa Maria begani.

Nili ilikuwa shilingi tano. Nakumbuka bei
kwa kuwa bei ndiyo kazi yangu sasa.

Alitusimulia ugomvi wao wa kale:
kuna waliosema picha ni mstari, rangi ni vazi tu,
na kuna waliosema la, mstari ni ugo,
rangi ndiye anayelia ndani ya nyumba.
Wakatukanana karne nzima na ushei.
Kisha rangi ikatiwa kwenye vibomba vya bati, kama dawa ya meno,
wachoraji wakatoka nje na vibomba vyao
wakakuta kivuli si cheusi.
Kivuli ni zambarau!
Tulikimbilia dirishani kumkamata na uongo.
Chini ya mlingoti wa bendera, vumbi la Nakuru
lilikuwa limelala, na kweli halikuwa jeusi.
Otuoma akasema ni damu ya mzee.
Tulibishana hadi kengele.

Aliporudi kutoka Mbale, kumzika mumewe,
alifungua kurasa za mwisho: uso wa mwanamke,
kijivu kama wenzake.
"Huyu alipakwa kijani," akasema.
"Hakuwa mgonjwa. Aliyekuwa na brashi ndiye..."
Hakumaliza. Aliketi.
Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa manjano,
manjano kali isiyojua msiba,
na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Leo nachanganya rangi dukani,
mashine inadondosha matone kwa namba.
Bi. Nyambeki amekuja, anataka kopo
la chumba cha mwanawe.
Najua ni chumba gani. Mtaa mzima unajua.
Namfungulia kadi: krimu, maziwa, mchanga,
rangi zinazotembea kwa ncha za vidole.
"Hapana," anasema. "Alikuwa mtoto wa kelele."

Nazima mashine.
Natia nyekundu, natia chungwa, nakoroga kwa kijiti
hadi mkono unauma.
Halafu, bila kuambiwa, tone moja la buluu.
Linazama. Wekundu unatulia, unaanza kuelekea
damu ya mzee,
na yeye mwanawe hakufika ishirini.

Nasubiri anitukane.
Anainama juu ya kopo, muda mrefu,
kama mtu anayeangalia kisima.

"Ongeza," anasema.